Kani kali: kitabu kimoja kinasema haipungui kwa umbali, kingine kinasema inaishia femtomita moja

gangilonga_pcm

Wakuu, kamwene. Ijumaa klabu ya fizikia ya kidato cha sita hapa Iringa inaingia kwenye kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, na kuna mahali vitabu vyangu viwili vinapigana.

Cha kwanza kinasema kani inayoshika kwaki ndani ya protoni haidhoofiki ukizitenganisha, na nishati inazidi kupanda kadiri unavyovuta. Cha pili kinasema kani kali ina masafa ya 10⁻¹⁵ m tu (femtomita moja, fm), ukitoka hapo hakuna kitu. Kama cha kwanza ni kweli, kwa nini protoni zilizomo kwenye jiwe la Gangilonga hapa mjini hazimburuti mtu aliyeko mtaa wa Kihesa? Na kama cha pili ni kweli, kwa nini kwaki haichomoki ikishavuka hiyo femtomita moja?

Naomba pia namba za kufanyia hesabu ubaoni. "Kubwa sana" haitoshi kwa watoto wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Na kwa maonyesho nilifikiria kutumia ukanda wa tyubu ya baiskeli, tuuvute mpaka ukatike. Kuna ubaya?

loleza

Mwalimu, vitabu vyote viwili viko sawa. Tatizo ni kwamba vinasema habari za vitu viwili kwa jina moja.

Kitu cha kwanza ni kani ya rangi, ile inayofanya kazi kati ya kwaki na kwaki. Kwaki ina chaji ya umeme (aina ya u ni +2/3 ya chaji ya protoni, aina ya d ni −1/3), lakini juu ya hiyo ina chaji nyingine ya namna tatu tunazoziita nyekundu, kijani na buluu. Majina tu hayo, hayahusiani na macho. Kinachopeleka kani hiyo ni gluoni, na hapa ndipo tofauti na umeme inapoanzia: fotoni, inayopeleka kani ya umeme, haina chaji ya umeme, kwa hiyo fotoni mbili zinapishana bila salamu. Gluoni yenyewe imebeba rangi. Gluoni na gluoni zinavutana.

Sasa chora mistari ya uga. Kwenye umeme mistari inatoka kwenye chaji na kutawanyika pande zote. Eneo la tufe linakua kwa r², mistari ni ileile, kwa hiyo kani inashuka kwa 1/r². Kwenye rangi, mistari inavutana yenyewe kwa yenyewe, inajikusanya na kuwa kama bomba jembamba linalounganisha kwaki na antikwaki (pacha wake mwenye chaji kinyume). Upana wa bomba haubadiliki ukilirefusha. Mistari inayopita kwenye mkato wake ni ileile kwenye nusu femtomita na kwenye femtomita nzima, kwa hiyo kani ni ileile. Ndiyo maana ya "haipungui".

Kwa ubao, tumia fomula hii ya nishati kati ya kwaki nzito na antikwaki yake:

V(r) = −(4/3)·α·ħc / r + σ·r

GeV ni kipimo cha nishati, 1.602×10⁻¹⁰ J, na ni MeV 1000. Weka ħc = 0.197 GeV·fm (namba isiyobadilika), α = 0.3 (ukali wa kani ya rangi) na σ = 0.9 GeV/fm (kani ya bomba). Ukitafuta mteremko utapata kani yenye sehemu mbili: 0.079/r² ikijumlishwa na 0.9, kwa kipimo cha GeV/fm. Kwenye r = 0.1 fm sehemu ya kwanza ni 7.9 na ya pili ni 0.9, yaani kwa karibu hivyo kani inafanana na ya umeme. Kwenye 0.3 fm zinalingana. Kwenye 1 fm ya kwanza imebaki 0.08 tu, bomba ndilo linalotawala. Waonye wanafunzi: kani yenyewe HAIONGEZEKI kwa umbali. Inashuka mwanzoni, kisha inasimama palepale. Inayopanda ni nishati. Kosa hili limejaa hadi kwenye vitabu vilivyochapwa vizuri.

Geuza 0.9 GeV/fm kuwa nyutoni: 0.9 × 1.602×10⁻¹⁰ J, gawanya kwa 10⁻¹⁵ m, unapata 1.44×10⁵ N. Gawanya kwa 9.8, ni kama kilo 14,700. Magunia 147 ya mahindi ya kilo mia, na hapo nasema gunia la kipimo halali, si lumbesa. Uzito huo wote unaning'inia kwenye uzi mmoja kati ya chembe mbili.

Angalizo: fomula hii inafaa kwa kwaki nzito, aina za charm na bottom, kwa sababu zinakwenda polepole na unaweza kusema "umbali kati yao" bila aibu. Kwa u na d ndani ya protoni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, ichukue kama picha ya kukuongoza.

Kwa nini basi haichomoki? Ukivuta hadi kama 1.2 fm, bomba limeshajaa nishati ya takriban 1.1 GeV. Hapo inakuwa rahisi zaidi kwa nishati hiyo kuzaa kwaki na antikwaki mpya kutoka kwenye ombwe kuliko kuendelea kurefusha bomba. Kwaki mpya inashika ncha moja, antikwaki inashika nyingine, umepata mesoni mbili (kila moja ni kwaki na antikwaki) na bado huna kwaki hata moja ya peke yake. Kwenye mashine kubwa hili linatokea mfululizo. Chembe ya Z yenye GeV 91 ikivunjika kuwa kwaki na antikwaki, kinachofika kwenye vipimio ni wastani wa chembe zenye chaji kama 21, zimejipanga kwenye mikupuo miwili, yaani mafungu mawili ya chembe, inayopeana mgongo.

Kitu cha pili, kile cha kitabu chako cha pili, ni kani kati ya protoni na nyutroni. Protoni ina kwaki tatu za rangi tatu tofauti, na kwa pamoja rangi zimefutana. Kwa mtu aliye mbali, protoni haina rangi kabisa. Bomba halina pa kushikia. Kinachobaki ni masalia, na masalia hayo hayawezi kubebwa na gluoni iliyo huru kwa kuwa gluoni nayo ina rangi na imefungwa. Lazima yabebwe na kitu kisicho na rangi, na chepesi kuliko vyote ni pioni, mesoni ya MeV 139.6. Yukawa aliliona wazo hili mwaka 1935, kabla pioni haijakamatwa mwaka 1947. Masafa ni ħc/m: 197.3 ÷ 139.6 = 1.41 fm. Kani inashuka kwa haraka kuliko e^(−r/1.41). Kwenye 10 fm kigezo hicho peke yake kimeshafika 0.0008. Kutoka Gangilonga hadi Kihesa usiandike hiyo namba, chaki itaisha kwenye sufuri.

Kwa ulinganisho: protoni mbili zikiwa 1 fm, umeme unazisukuma kwa 230 N (wafanye wenyewe kwa sheria ya Coulomb). Kani ya masalia hapo ni ya ngazi ya 10⁴ N, na chini ya kama 0.5 fm inageuka na kusukuma. Kwa hiyo ndani ya kiini protoni inashikwa na majirani zake tu. Kiini cha urani-238 kina kipenyo cha karibu 15 fm: protoni za ncha mbili zinasukumana kwa umeme lakini hazivutani hata kidogo. Hapo ndipo udhaifu wa viini vizito unapotoka.

njiapanda_makambako

Nimefuatilia kwa heshima, ila naomba nibishe kidogo. Kwaki moja haijawahi kuonekana ikiwa peke yake, na ninyi mmetengeneza kanuni inayosema haitaonekana milele. Rangi nazo haziko nje ya hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama protoni), zimejificha humohumo. Nani aliyezihesabu zikawa tatu? Kwa nini si mbili au nne? Mganga naye husema jini halionekani na mwenye shaka.

loleza

Mkuu, ubishi halali. Mganga hakupi namba ya kwenda kuipima, hapa namba ipo.

Gonganisha elektroni na positroni (antichembe yake). Hesabu mara ngapi zinatoa hadroni, gawanya kwa mara ngapi zinatoa jozi ya myuoni (ndugu mzito wa elektroni). Uwiano huo unaitwa R. Kila aina ya kwaki inayoweza kuzaliwa kwa nishati uliyonayo inachangia mraba wa chaji yake, na kila rangi inahesabika kivyake. Kwa u, d na aina ya tatu, s (chaji −1/3): 4/9 + 1/9 + 1/9 = 2/3. Bila rangi R ingekuwa 0.67. Kwa rangi tatu ni 2. Ukipanda juu ya kizingiti cha charm unaongeza 4/9 na kupata 10/3, ukipita bottom unaongeza 1/9 na kupata 11/3, yaani 3.67. Rangi mbili zingetoa 2.44, nne zingetoa 4.89. Kipimo kwenye GeV 30 hivi kinakaa karibu na 3.8, na hata hiyo ziada ndogo ina mwenyewe: ni gluoni zinazotoka pembeni, zidisha 3.67 kwa (1 + α/π), ukiweka α ya 0.14 unapata 3.83.

Rangi zilihitajika hata kabla ya hapo. Chembe ya Delta yenye chaji +2 ni kwaki u tatu, zote hali moja, spini zote upande mmoja. Kanuni ya Pauli haikubali fermioni (chembe za jamii ya kwaki na elektroni) tatu zilizofanana zikae hivyo. Lazima kuwe na kitu kingine kinachozitofautisha, na kina namna tatu.

Kuhusu kuziona: mwaka 1968 kule SLAC, California, walirusha elektroni kwenye protoni na nyingi zikaruka kwa pembe kubwa kuliko ambavyo protoni laini ingeruhusu. Ni kama kurusha kokoto kwenye gunia la pamba, nyingine zikarudi na kukupiga. Ndani mna vitu vigumu vidogo. Na mwaka 1979 kule Hamburg, kwenye mashine ya PETRA, walipata matukio yenye mikupuo mitatu ya chembe badala ya miwili. Wa tatu ni gluoni.

njiapanda_makambako

Sawa, hapo kwenye 3.67 nimekaa.

mama_uyole

Mwalimu wa Gangilonga, tyubu usiitumie, inadanganya mara mbili. Mpira ukivutwa unazidi kukaza: sentimita ya kumi ni ngumu kuliko ya kwanza. Bomba la rangi halikazi. Halafu mpira ukikatika unabaki na ncha mbili tupu, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwaki imebaki na kipande chake cha kamba mkononi. Hicho ndicho tunachotaka asiamini.

Tumia mambo mawili tofauti, kila moja kwa hoja yake.

Kwa kani isiyobadilika, tumia ndoo ya kisimani. Funga kapi juu ya mlango wa maabara, pitisha kamba, upande mmoja ning'iniza chupa ya lita moja ya maji, upande wa pili shika na mizani ya springi. Vuta chupa ipande sentimita 20, 40, 60, 80. Mizani inasoma karibu 10 N kila mahali. Kazi iliyofanyika ni 2 J, 4 J, 6 J, 8 J. Wachore grafu ya nishati dhidi ya umbali, watapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio kani. Kisha wafute "J kwa mita" waandike "GeV kwa fm". Ndiyo σ aliyoieleza loleza.

Kinachoharibika hapa ni msuguano wa kapi. Ukipandisha mizani itasoma labda 11, ukishusha 9, na kuna mwanafunzi atasema kani imebadilika. Soma mara mbili, kupanda na kushuka, kwa mwendo uleule wa polepole, chukua wastani. Usisome wakati chupa inaanza kuondoka, hapo kuna mchapuko. Kapi ya plastiki iliyochakaa ina msuguano mkubwa mno, tone la mafuta ya cherehani linasaidia.

Kwa kukatika, tumia sumaku. Chukua bleidi kuukuu ya msumeno wa chuma, iwe ile ngumu inayovunjika. Zile zinazopinda bila kuvunjika hazifai, zitakuaibisha mbele ya darasa. Isugue kwa ncha moja ya sumaku nzuri, mara 30, uelekeo mmoja tu, ukiinua sumaku kila unapofika mwisho. Ukirudisha sumaku huku imegusa unafuta ulichofanya. Jaribu ncha kwa dira: moja ivute kaskazini ya sindano, nyingine iisukume. Kisha bana nusu kwenye jiliwa, funika kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kinga, vunja kwa plaizi. Jaribu vipande vyote viwili. Kila kimoja kina ncha mbili. Vunja tena, vivyo hivyo. Huwezi kupata kaskazini pekee.

Sisitiza kwamba ushahidi ni kusukumana, kwa sababu chuma chochote kisicho sumaku nacho kitaivuta sindano. Na usigongee nyundo, inapunguza usumaku.

Mfano huu nao una mwisho wake. Kwenye bleidi nishati ya kuvunja imetoka mkononi mwako, na hakuna atomu mpya iliyozaliwa. Kwenye bomba la rangi nishati iliyokuwa imehifadhiwa ndiyo inayogeuka kuwa tungamo la kwaki mpya. Sema hivyo kwa sauti kabla ya kengele.

Taa tatu za rangi zinazotengeneza mwanga mweupe, waalimu wengi wanazipenda. Mimi naziacha. Wiki inayofuata utasikia mtoto anauliza kwaki nyekundu ina urefu gani wa mawimbi.

gangilonga_pcm

Mama Uyole, ndaga fijo. Kapi ipo, bleidi nitaitafuta.

Mkuu loleza, hapo juu umeweka α = 0.3, kwa njiapanda ukaweka 0.14. Ni ileile au mbili tofauti? Na jambo jingine: nikijumlisha tungamo za kwaki za protoni napata MeV 9, lakini protoni ni 938. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike amelishika hilo na haachii.

mafinga_misitu

Nijibu mimi, loleza apumzike.

α ni ileile, ila ukubwa wake unategemea unaitazama kwa nishati gani. Nishati kubwa maana yake umbali mdogo, na huko α inakuwa ndogo. Hili lilihesabiwa mwaka 1973 na Gross, Wilczek na Politzer, na Nobel ikafuata 2004. Sababu ni ileile ya gluoni kubeba rangi. Kwaki na antikwaki zinazochomoza kwenye ombwe zinaificha chaji, kama ilivyo kwenye umeme. Gluoni zinafanya kinyume, zinaitandaza nje, kwa hiyo ukiingia ndani sana unakuta kidogo. Gluoni zinashinda.

Fomula ya ubaoni:

1/α(Q) = 1/α(M) + [(33 − 2n)/(6π)] · ln(Q/M)

Anza na α = 0.118 kwenye M = 91.2 GeV, ndicho kipimo cha rejea. Q ni nishati unayoitazamia, M ni ya rejea, na n ni idadi ya aina za kwaki nyepesi kuliko Q. Namba 33 ni ya gluoni, 2n ni ya kwaki. Waulize wanafunzi nini kingetokea kama kungekuwa na aina 17.

Mfano wa GeV 10: n = 5, mgawo ni 23/(6π) = 1.22. ln(10/91.2) ni −2.21. Basi 8.475 − 2.70 = 5.78, na α = 0.173. Kwa GeV 1000 unapata kama 0.088. Mahali pa kuteleza ni kushuka chini. Watu wanabaki na n = 5 hadi GeV 1 na kupata 0.34. Ukivuka 4.2 GeV badilisha n iwe 4, ukivuka 1.3 iwe 3. Kwa kufuata hatua hizo utafika 0.36 kwenye GeV 1, na hiyo bado ni ndogo kuliko ukweli kwa sababu fomula hii ni kipengele cha kwanza tu cha mfululizo. Kule chini vipengele vinavyofuata si vidogo tena, na mfululizo wote unapoteza maana. Chini ya GeV 1 weka kalamu chini. Wanaotaka namba za huko wanaigawa nafasi na muda kuwa vijisanduku na kuiachia kompyuta kubwa, njia aliyoianzisha Wilson mwaka 1974. Mwaka 2008 kwa njia hiyo tungamo la protoni lilipatikana likiwa sahihi ndani ya asilimia chache.

Sasa huyo binti, mpe nafasi ya mbele. u ni MeV 2.2, d ni 4.7. Kwa uud (u mbili na d moja, ndiyo protoni) ni 9.1, karibu asilimia 1 ya 938.3. Iliyobaki ni nishati. Afanye hesabu hii: kwaki imefungiwa kwenye nusu kipenyo cha 0.84 fm, basi kwa kanuni ya Heisenberg (chembe ikibanwa zaidi, mwendo wake unazidi) mwendo wake hauwezi kuwa mdogo kuliko takriban ħc/r = 197/0.84 = MeV 235. Mara tatu ni kama 700. Kwaki ni nyepesi mno kulinganisha na hiyo, kwa hiyo karibu yote ni nishati ya mwendo. Nishati ya uga wa gluoni inajaza pengo. Hesabu mbichi, lakini inakufikisha mtaani kwa mwenyewe.

Ukirudi kwenye gunia la loleza: kilo mia za mahindi, tungamo la kwaki zenyewe ni kama kilo moja na ushei. Kilo 98 na kitu ni mwendo na uga.

Ila usiandike kwamba "asilimia 99 haitegemei kabisa tungamo la kwaki". Kwaki nyingine zinazozaliwa na kufa ndani ya protoni nazo zinaingia kwenye hesabu, na mchango kamili wa tungamo za kwaki unavuka hiyo asilimia 1. Sema hivi: ukizifanya u na d zisiwe na tungamo kabisa, protoni ingepungua kwa asilimia chache, isingeporomoka.

Na hiyo asilimia ndogo usiidharau. Nyutroni ni udd, jumla 11.6, imezidi uud kwa MeV 2.5. Chaji ya umeme ya protoni inarudisha kama MeV 1 na kitu, tofauti inabaki 1.29. Kwa sababu hiyo nyutroni ikiwa huru inavunjika na kuwa protoni, na hidrojeni imebaki hai. Kuvunjika huko ni kazi ya kani dhaifu. Kani kali haibadilishi d kuwa u hata siku moja, na kwenye mitihani hapo ndipo alama zinapopotea.

gangilonga_pcm

Mafinga, nimekuelewa. La mwisho, nisije nikaulizwa nikaduwaa: gluoni ina rangi na antirangi. Tatu mara tatu ni tisa. Kila mahali naona nane. Ya tisa imekwenda wapi?

loleza

Swali zuri, na linakurudisha kwenye jiwe lako.

Mchanganyiko mmoja kati ya hizo tisa una nyekundu-antinyekundu, kijani-antikijani na buluu-antibuluu kwa kiasi sawa. Huo kwa jumla hauna rangi. Gluoni ya namna hiyo isingevutwa na wenzake, isingefungiwa ndani ya bomba, na kwa kuwa haina tungamo ingesafiri mbali kama fotoni. Protoni isiyo na rangi ingeweza kuitoa na kuipokea. Kungekuwa na kani ya masafa marefu kati ya kila protoni na kila nyutroni duniani, yenye nguvu ya kani kali.

Yaani ingekuwepo hiyo ya tisa, mtu wa Kihesa angelihisi jiwe la Gangilonga kweli. Halimburuti, kwa hiyo ni nane.